Afisa Aliyetafuta wa Kumkatalia

Nimechapa mipango ya biashara mpaka nimechoka. Nina stesheneri hapa mjini Songea, si mbali na soko: mashine mbili za kutoa kopi, printa moja yenye kiburi, na benchi la mbao la kukalia wanaosubiri. Zamani mtu alileta mpango wake umeandikwa kwa mkono, umekatwakatwa, una alama ya kikombe cha chai pembeni, na ukiusoma unajua huyu mtu amekosa usingizi kwa ajili yake. Siku hizi analeta simu. Anasema, "Dada, nimekutumia, nitolee tu." Akili mnemba imemwandikia akiwa kitandani. Ya nguruwe, ya saluni, ya kusaga unga, yote inasema kwa sauti moja: changamoto, fursa, suluhisho, dira. Natoboa, natia springi, naweka plastiki mbele na nyuma. Mwaka unapita, namkuta mwenye mpango kijiweni, namuuliza biashara vipi, ananiambia bado yuko kwenye maandalizi.

Aliyenichosha kuliko wote hao ni Afisa, na ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo sitayasema. Yana siku yake na yana watu wake wa kuyasoma. Mimi namjua kwa kazi. Alikuwa afisa biashara, akaletwa huku kwa uhamisho kutoka mkoa wa mbali, akiwa na mke na sanduku la bati, akakaa mpaka akastaafu. Alipostaafu hakuna aliyeacha kumwita Afisa. Hata watoto wa Ruhuwiko, mtaani kwake, ambao hawakuwahi kumwona ofisini, walimwita Babu Afisa.

Na alichokitaka kilikuwa kimoja tu. Aliniambia siku moja tukiwa tumekaa gizani kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Alisema maisha yake yote amekuwa akipitisha na kukataa biashara za wenzake, yeye mwenyewe hajawahi hata kuuza karanga. Alitaka kabla hajafa afungue kitu kimoja kilicho chake, na mtu aje anunue kwa sababu anakitaka, basi. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyeachwa peke yake na muda mwingi. Kumbe alikuwa hatanii.

Enzi za ofisi alikuwa na sifa mbaya. Vijana walisema ukimpelekea Afisa mpango, uende umeshakula, maana ukitoka hamu ya chakula huna. Swali lake lilikuwa moja, aliliuliza polepole huku akifuta miwani: "Nani kakuambia watanunua?" Ukisema umeuliza watu, anataka kujua watu gani. Ukiwataja, anaanza kuwatoa. Huyu ni mama yako mdogo, mtoe. Huyu mnasali naye jumuiya moja, mtoe. Huyu mlisoma wote, mtoe. "Ndugu hasemi kweli," alikuwa anasema, "ndugu anakupenda." Mwisho unabaki na fundi baiskeli mmoja, na huyo naye siku ile alikuwa ametoka kunywa pombe ya komoni.

Kuna kijana wa Namtumbo alitaka kuachana na tumbaku, afuge nyuki, auze mishumaa ya nta. Afisa alimrudisha, akaja tena, akamrudisha. Kijana akaenda kila mahali akimsema kwamba yule mzee ana roho mbaya. Asichokijua ni kwamba Jumamosi moja Afisa alipanda basi kwa nauli yake mwenyewe, akashuka Namtumbo, akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanawasha nini usiku. Aliporudi alimwita, akamwambia kila nyumba ina taa ya sola, hiyo mishumaa utajiwashia mwenyewe, lakini asali wanaulizia. Yule kijana mpaka leo anauza asali, na akimtaja Afisa anasema, "Alinitukana mpaka nikapata akili."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mchana anakukatalia, jioni unamwona anabisha hodi kwako na kilo ya sukari, amekuja kukupa pole, utadhani aliyekukatalia ni mtu mwingine. Kuku wa asante hakupokea hata mara moja. Ukimwachia mlangoni, anamfunga miguu na kumrudisha, halafu ananunua mayai kwako ili usijisikie vibaya. Mimi nilikuwa naona huo ni usumbufu. Mtu akiwa mkali awe mkali tujue moja.

Dukani kwangu alikuwa anafika nikiwa bado nafagia. Shati lake daima limenyooshwa, mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni kwa sababu moja inaweza kukusaliti. Alikaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani, akasoma kazi za watu zikitoka kwenye printa bila kuombwa. Aliwarekebishia koma. Mama mmoja alileta historia ya marehemu mumewe, Afisa akamwambia aya ya pili inajirudia, na yule mama, badala ya kukasirika, akakaa naye wakaiandika upya pale pale huku analia. Umeme ukikatika wengine waliondoka wakilaani. Yeye alibaki. Alisema mpango usio na kukatika kwa umeme ndani yake ni hadithi.

Jambo lililoniudhi kwake, na naomba nilitaje wazi, ni ule wimbo wake wa ugeni. "Mimi hapa mgeni tu," alikuwa anasema. Kikao cha mtaa wakimwomba maoni, anasema waulizeni wenyeji. Alijenga Ruhuwiko, akapanda miparachichi ikazaa, ikazeeka, yeye bado mgeni. Alijua kusalimia kwa Kingoni, kwa Kimatengo na kwa Kiyao, na akishasalimia anaongeza kwamba anajifunza, maana yeye ni mgeni.

Kisha mkewe akafariki. Watoto wao wako mbali, walitaka mwili usafirishwe kwao, Afisa akasema azikwe hapa hapa. Siku ile maduka ya barabara yetu yalifungwa na hakuna aliyetangaza yafungwe. Akina mama wa Ruhuwiko walilala pale kwenye mikeka, wakapika, wakaosha masufuria, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Waliochimba kaburi ni vijana aliowahi kuwakatalia mipango, nimewaona kwa macho yangu. Arobaini ikapita. Afisa akaja dukani, akakaa kwenye benchi lake, mtu akamuuliza ataishije peke yake. Akajibu, "Nitazoea. Kwani mimi si mgeni hapa?" Niliumia kweli. Mtu anakuombolezea siku zote hizo na bado humwoni.

Baada ya hapo ndipo simu ikaingia. Mwanawe mmoja alimtumia simu nzuri, na kijana wa bodaboda akamwonyesha ile akili mnemba ya kuongea nayo. Nilikuwepo alipoijaribu mara ya kwanza. Aliandika kwa kidole kimoja, na koma zake zote: Habari za asubuhi, naomba kuuliza. Ikamjibu, habari, nikusaidie nini leo. Afisa akaiweka simu kwenye benchi.

"Huyu hana adabu," akasema. "Ana umri gani?"

Nikamwambia ni mashine hiyo, Afisa, haina umri. Akasema mashine inayojua Kiswahili kiasi hiki haikosi kuijua shikamoo. Basi akakaa akaiandikia maelekezo marefu: kwamba yeye ni mzee, mstaafu wa serikali, na iongee naye jinsi kijana aliyelelewa vizuri anavyoongea na mkubwa wake. Ikakubali. Tangu siku hiyo kila jibu lilianza na "Shikamoo Afisa," na yeye aliitikia marahaba kwa sauti, dukani kwangu, wateja wakiangaliana. Akaipa jina la Katibu. Ukimuuliza kitu hata cha hali ya hewa, anakwambia ngoja amuulize Katibu.

Na Katibu alikuwa mchapakazi, siwezi kumsingizia. Alimfundisha Afisa mbinu mpya za hao wanaoanzisha wanachokiita startapu, yaani biashara changa. Kuna karatasi moja kubwa ina vyumba: chumba cha mteja, chumba cha tatizo lake, chumba cha gharama, chumba cha njia ya kumfikia, na kuendelea. Unajaza chumba kimoja kimoja, na usichokuwa na uhakika nacho unakiita dhana, unakwenda kukipima kwa watu kabla hujatumia hela. Afisa alifurahi mno. Alisema hilo ndilo swali lake la ofisini, sasa limepata nyumba ya kukaa. Nilimtolea karatasi hiyo mara nyingi mpaka wino wa bluu ukaisha, maana alitaka kila chumba kiwe na rangi yake.

Kitu alichokichagua kilikuwa soya. Soya inalimwa huku, wakulima wanaiuza kwa magunia, inaondoka kwenye malori. Yeye aliitaka ile ya kukaanga na kusaga, unaichemsha unakunywa badala ya kahawa. Aliikaanga mwenyewe nyuma ya nyumba, kwenye sufuria ya mkewe, jiko la mkaa, mwiko mrefu. Akaisaga, akaitia kwenye vipakiti. Kisha akatoka kwenda kupima dhana zake.

Alizunguka Ruhuwiko yote na soko lote akiwa na chupa ya chai na vikombe. Anakumiminia, unakunywa, anauliza: ipoje, ungeinunua, ungeinywa saa ngapi. Na watu wakamjibu. Ni tamu, Afisa. Ina harufu nzuri, Afisa. Ukifungua tu utuambie, tutakuja. Alirudi kwangu uso unang'aa, akamsomea Katibu majibu yote moja moja, na Katibu akamwambia shikamoo Afisa, hongera, haya ni matokeo yenye kutia moyo sana, kilichobaki ni maboresho machache.

Sasa mimi ni mtu wa hapa, sihitaji karatasi ya vyumba kuniambia. Huku mtu hakatai usoni. Ukimwalika harusini akasema atajitahidi, usimwekee sahani. Akisema atakuja, pia usimwekee. Na mtu mzima akikuonjesha kitu, unakimeza na unashukuru, kama ni cha kuugua utaugulia kwako. Tena huyu si mzee yeyote, ni Afisa, kafiwa na mke, anakaanga kwa sufuria ya marehemu. Nani angemtazama machoni amwambie hainyweki?

Maana ilikuwa hainyweki. Alikuwa anaiunguza. Alipenda moshi, alisema harufu ndiyo inayouza, basi aliiacha motoni mpaka ikawa nyeusi. Nilipoonja nilisema, "Mh, ina nguvu hii, labda ungepunguza moto kidogo." Akanishukuru, akapunguza moto wa kuchemshia maji. Usinihukumu. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Vipakiti aligawa, vikapokelewa kwa mikono miwili. Hakuna aliyerudi kuuliza cha pili. Afisa akaliona hilo, hakuwa mjinga, akamuuliza Katibu. Katibu akasema kwa heshima kwamba wateja wa kitu kipya huhitaji muda wa kukizoea. Basi akapanga kusonga mbele. Alikuja na mpango uliokamilika, akataka nitoe nakala, nitie springi. Ndani yake alikuwa anavunja ukuta wa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake, sebule na kile chumba alichokuwa anashonea mkewe, aweke mashine ya kukaangia na ya kusagia. Fundi ameshapatikana, anaanza Jumatatu.

Niliposoma kuhusu kile chumba, mkono ukakataa kubonyeza. Nilimfahamu mama yule, alinishonea sare za wanangu kwenye dirisha lile. Nikamwambia, "Afisa, kaa kwanza. Ngoja nimuulize na wa kwangu."

Kwenye kompyuta yangu ilikuwepo ile ile akili mnemba, lakini hainijui, hainiamkii, sijawahi kuifundisha kitu. Nikauweka mpango wote humo na majibu ya watu wote. Nikaandika kwamba mtu nisiyemjua kaniletea hii kazi, nataka nijue sababu zote za kutofungua biashara hii, na usiogope kumuudhi mtu. Tukangoja. Ikaleta.

Siwezi kukumbuka maneno yote, ila maana yake ninayo. Ilisema wote waliohojiwa wanamwita mwenye biashara kwa cheo chake. Wote walionjeshwa naye akiwa amesimama mbele yao. Hakuna aliyetoa hela na hakuna aliyeomba tena. Kwa hiyo majibu haya yanathibitisha kwamba mtu huyu anaheshimiwa, hayathibitishi kwamba kinywaji kinatakiwa. Ikashauri auze mahali asipojulikana, kwa bei kamili, atazame tu kama kikombe kinaisha.

Afisa alivuta kiti. Akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Katibu hakuniambia haya," akasema.

"Katibu ulimfundisha adabu, Afisa."

Nilidhani atakasirika. Akasema taratibu, "Kumbe alikuwa ananionea haya." Kisha akaanza kuwatetea wale watu wake. Akasema mashine haielewi kitu kimoja. Yeye ofisini aliwaondoa ndugu, na hapa hakuna ndugu hata mmoja. Hawa aliowauliza si ukoo wake, si kabila lake, hana la kuwapa na hawana la kumwogopa. "Mimi hapa mgeni," akasema. "Mgeni anaambiwa kweli."

Ndipo nikashikwa na hasira. Nilikuwa nimechoka siku ile, printa ilikuwa imenilia karatasi tangu asubuhi, na nilikuwa nimeubeba ule wimbo wake miaka yote.

"Mgeni gani, Afisa?" nikamwambia. "Mke wako watu walifunga maduka wakaja kumzika. Hapa wote ni ndugu zako, wewe tu ndiye hujui. Ungekuwa mgeni wangekuambia siku ya kwanza kwamba soya yako imeungua."

Akavua miwani.

"Imeungua?"

"Imeungua. Tangu mwanzo."

"Na wote wanajua?"

"Wote, Afisa."

Alichukua mpango wake bila springi, akaukunja katikati, akatoka. Hakusahau kuaga. Mimi nikafunga duka mapema, nikaenda nyumbani nikalala na nguo. Sikujuta kumwambia. Niliumia tu kwamba habari nzuri kuliko zote anazoweza kupewa mtu, kwamba mji mzima umemchukua kuwa wake, kwake zimeingia kama msiba.

Fundi hakuvunja ukuta. Hilo nililiulizia.

Baada ya muda akarudi, shati limenyooshwa kama kawaida, ana chupa. Alikuwa amekaanga upya, moto mdogo, ameikoroga bila kuiacha. Akaniambia Katibu ameshamwondolea shikamoo, sasa anamjibu kikavu na wakati mwingine anamkera kabisa. Akamimina. Rangi yake ilikuwa ya udongo wa huku, si nyeusi tena. Nikanywa. Nikamwambia, "Sasa ni nzuri, Afisa."

Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. Akasema, "Umeona tatizo langu? Sijui kama ni kweli."

Hata mimi nilikuwa sijui. Nilitamani sana iwe nzuri. Nilipokuwa naimeza nilikuwa tayari nimeshaamua. Nikamaliza kikombe, akanitazama ninavyokimaliza, akatikisa kichwa, akafunga chupa yake. Wateja wakaja, wakamwamkia, akaitikia mmoja mmoja, na safari hii niliona kila shikamoo inamwingia mahali panapouma.

Kisha akapotea. Nyumba imefungwa, funguo kamwachia jirani, kasema anasafiri. Mtaani walisema ameenda kwa watoto hatimaye. Nikasema sawa, apumzike. Benchi likabaki na nafasi upande wa ukutani, na watu hata wakibanana hawakuikalia haraka.

Mwaka uliofuata nilisikia kuna mtu Tunduru anauza mashine ya kopi iliyotumika kidogo, nikapanda basi kwenda kuiona. Ilikuwa msimu wa korosho, stendi imejaa watu na magunia. Nikashuka, miguu imevimba, natafuta maji ya kunywa. Pembeni ya kibanda cha tiketi kulikuwa na mzee amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kofia ya viua kichwani, kandambili miguuni, chupa tatu za chai mbele yake. Nilimpita kabisa. Kilichonirudisha ni zile kalamu mbili mfukoni.

Aliniona kabla sijafungua mdomo. Akatikisa kichwa kidogo, hapana. Nikaelewa, nikasimama pale kando kama ninayengoja basi.

Mbele yake alikuwa kijana mpakia magunia, amefunga kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, amekishusha ili anywe. Akanywa funda moja akakunja uso.

"Babu, hii inabaki kooni," akasema. "Wallahi siyo mbaya ikiingia, lakini inabaki. Utafikiri nimelamba unga."

Afisa akaegemea mbele. Sijawahi kumwona na uso ule, si ofisini, si kwenye benchi langu. Akamuuliza inabaki mwanzo au mwisho, ikiwa ya moto au ikipoa. Kijana akamweleza bila kumwogopa, akamwambia aisage zaidi, aichuje, na kwa hali ilivyo yeye hatoi hela yake, labda nusu. Afisa akasema haki yako, lipa nusu. Mama mmoja aliyekaa kwenye mizigo akadakia kwamba ya jana ilikuwa na nafuu kuliko ya leo. Afisa akageuka kumsikiliza na yeye, mikono magotini. Machozi yakanilenga, nikaangalia pembeni.

Hapo ndipo basi jingine la Songea likaingia. Konda wake akaruka kabla halijasimama, akamwona mzee kando ya kibanda, akasimama wima.

"Afisa, shikamoo. Jamani, huyu ni Afisa wetu wa biashara, Songea nzima hakuna asiyemjua. Mzee, unafanya nini chini hapo?"

Alisema kwa mapenzi, masikini, hakuwa na kosa. Akaenda akamtafutia kiti cha plastiki, akamsimamisha kwa mkono, akamkalisha. Watu wakasogea kutazama. Yule mpakiaji akavua kitambaa kabisa shingoni.

"Shikamoo mzee," akasema. "Samahani, nilikuwa natania tu. Ni nzuri. Niongezee kikombe."

Afisa akasema hapana, mwanangu, endelea kusema ulivyokuwa unasema. Kijana akasema hakuna la kusema, mzee, nzuri sana. Akanywa kikombe kizima cha pili, macho yakimtoka, akalipa vyote viwili kwa bei kamili. Yule mama wa mizigo akanunua kipakiti, kisha mwingine akanunua. Konda akanunua vitatu. Ilikuwa ndiyo biashara nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na Afisa alipokea hela zile moja moja, anasema asante, hamtazami mtu.

Walipotawanyika nikamsogelea, nikamwamkia. Akaitikia. Akaniambia alikuwa pale tangu korosho zianze kuingia. Kuna mtu alishawahi kuimwaga chini mbele yake. Kuna mwingine alimwambia arudi kwao akalee wajukuu. Aliyahesabu mambo hayo polepole, kama mtu anayesimulia fadhila alizotendewa. Kisha akaanza kufunga vifuniko vya chupa.

"Basi la Masasi linapita hapa saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia nilisikia lipo moja mchana. Akatazama juu ya vichwa vya watu, upande ambao barabara inaendelea.

"Masasi," akasema, "unadhani kuna mtu ananijua?"

Nilitaka kumwambia turudi nyumbani, Afisa. Neno lilifika kabisa mdomoni. Nikamtazama alivyokaa kwenye kile kiti alicholetewa, amekaa pembeni kabisa kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Hapana," nikamwambia. "Masasi hakuna anayekujua."

Akasema vizuri. Akanipa chupa nimshikie, akaenda kukata tiketi.